Mashine Kumi za Mkopo

Kwa miaka tisa Virginia na Maryam walifuma sweta za shule katika chumba kimoja juu ya duka la mbegu, mjini Eldoret. Walikuwa na mashine nne za mkono. Uzi walinunua kwa pesa taslimu, kwa hivyo walifuma kadiri ya kile kilichokuwa mfukoni. Kila mwaka walipanga kuongeza mashine, na kila mwaka shule zilichelewa kulipa.

Oktoba, mwenye shule moja ya bweni aliwaita. Alikuwa anafungua tawi la pili, akataka sweta elfu moja na mia mbili kabla ya Januari. Angelipa mwezi mmoja baada ya kuzipokea. Kwa mashine nne wangeweza mia nne, labda mia tano wakijinyima usingizi.

Wakaanza kuzunguka benki. Ofisa wa mikopo aliyeitwa Jepchirchir, mwanamke mpole asiyeharakisha mtu, aliwaeleza kwamba oda ya sweta si dhamana. Alitaka hati ya shamba. Maryam hakuwa na shamba. Marehemu mumewe aliacha lori, nalo liliuzwa zamani. Tena kwa imani yake Maryam hakuwa akichukua mkopo wa riba, jambo ambalo Virginia alilijua tangu siku ya kwanza na hakuwahi kulibishania. Walijaribu benki isiyotoza riba, ambayo ingenunua mashine yenyewe na kuwauzia kwa bei ya juu kidogo, walipe polepole. Hiyo nayo ilitaka theluthi ya bei mbele, na hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa. Wao walikuwa na daftari mbili, na pesa zao zote zilikuwa zimevaliwa na watoto wa shule ambazo hazijalipa.

Lilibaki shamba la Mungai, mumewe Virginia, ekari mbili kule Ainabkoi. Mungai alitoa hati bila maneno mengi, akaomba tu asije kuletewa barua ya mnada. Lakini Jepchirchir alipopitia fomu alisema lazima washirika wote watie sahihi, au biashara iwe ya mtu mmoja.

Virginia alikaa na neno hilo siku tatu. Maryam ndiye aliyelianza, wakiwa wanashonea mikono ya sweta.

"Mama Shiko, wewe chukua hiyo loan," alisema. "Mimi nitoke. Nipe mashine mbili tuachane vizuri."

"Tumetoka mbali, Mama Ikra."

"Najua. Lakini nimechoka kuwa ile sababu hatuendi mbele."

Virginia alimaliza mkono aliokuwa akiushona, akakubali. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alihisi nafuu.

Mthamini wa ardhi alichukua wiki tatu, mawakili wakachukua nyingine mbili. Mashine kumi zilifika Desemba, na mkopo ukatosha kununua uzi pia. Virginia aliajiri watu wanane, wakafuma hata Krismasi, na shule ilipofunguliwa alikuwa na sweta mia tisa. Zilizobaki mwenye shule alizinunua kwingine. Badala ya kulipa Februari, alilipa mwisho wa Machi, na benki ilikuwa imeshaanza kudai tangu Januari.

Kufikia Mei mashine nane zilikuwa zimefunikwa magunia na wafanyakazi wamebaki wawili. Virginia alirudi kwa Jepchirchir kuomba mkopo mdogo wa uzi, afume mapema kabla ya msimu. Jepchirchir alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia shamba limeshashikwa na hakuna kingine cha kuandika kwenye fomu. Virginia aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na nguvu ya kumbembeleza mtu.

Siku hiyo hakurudi kazini moja kwa moja. Alikwenda kwa Maryam, aliyekuwa akifuma katika chumba cha nyuma nyumbani kwake. Maryam hakuwa na deni, na pia hakuwa amepiga hatua yoyote. Alimmiminia chai, wakanywa. Kisha Maryam akamweleza kwamba madrasa moja ilitaka sweta mia tatu na hamsini, ilikuwa imemlipa nusu mbele kwa ajili ya uzi, na alikuwa karibu kuirudishia pesa hizo kwa sababu mashine mbili haziwezi.

"Fuma mia mbili kwako," alisema. "Turudi kuwa washirika, hapana. Nitakulipa kwa kila sweta."

Virginia aliuliza ni rangi gani. Kijani, Maryam akasema.

Jioni, akiwa amerudi kazini, alimpigia simu mmoja wa wafumaji wake wa zamani, akaambiwa ameenda Timboroa kuchimba viazi. Wa pili alikubali kuja Jumatatu. Virginia alifunua mashine tatu, akazipaka mafuta, akaketi mbele ya mojawapo kwa muda kabla ya kwenda nyumbani.