Vijiti vya Simsim

Mama mkwe wangu alipokwenda Hija aliniachia funguo za ghala na kasuku. Funguo alizitaja mara moja tu. Kuhusu kasuku alinihubiria siku tatu mfululizo, nami nikaitikia naam mama, naam mama, mpaka shingo ikaniuma.

Kasuku huyo, Simsim, alikuwa na miaka kumi na tisa katika nyumba ile ya Salti, mji wa vilimani karibu na Amman. Mimi nilikuwa na sita tangu niolewe. Marehemu baba mkwe ndiye aliyemleta, na tangu alipofariki, mama huyu hakula chakula bila ndege yule kuwa mezani kwake. Kazi yake Simsim ilikuwa kutafuna. Alitafuna vifungo, pembe za kabati, na kidole changu mara mbili. Ndiyo maana vijiti vya kusimamia tunduni mwake vilikuwa na sheria. Mti ni mmoja tu, mzeituni wetu wa ng'ambo ya kilima ambao haujawahi kupuliziwa dawa. Ukatwe na gome lake, uoshwe kwa maji ya moto, ukaushwe kwenye oveni. Kimoja kinene na kimoja chembamba, miguu isije ikaota vidonda. Mpini wa fagio marufuku, kilichopakwa rangi marufuku. Huyu hasimami tu juu ya kijiti, mama aliniambia, huyu anakila.

Kufikia wiki ya tano Simsim alikuwa amevimaliza vyote, akawa analala ameng'ang'ania nyaya. Mama akapiga simu kutoka Makka, akamwapisha Ghalib, mdogo wa mume wangu, kwamba atakwenda shambani kukata vingine. Ghalib akaapa. Kijana wa miaka thelathini kasoro, mdomo mtamu, miguu mizito. Siku zikapita, kila siku ana udhuru.

Alivileta asubuhi ileile mama anayorudi. Mume wangu Nawaf alikuwa ameshakwenda Amman kuyasubiri mabasi ya mahujaji, na Ghalib alikuwa mlangoni anafunga tao la majani na taa kama ilivyo desturi. Akanipa vijiti vitatu vilivyonyooka, vyeupe, vimechunwa safi. Niliona kwamba havina gome. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na sinia nne za maamuli, vile vibiskuti vya tende, za kuingiza motoni na wageni themanini wa kuwapikia. Nilivitia tunduni kwa mikono yangu mwenyewe, na hilo sitalisahau.

Saa tatu nilipopita na kahawa nikamkuta Simsim yuko chini, sakafuni mwa tundu, amejitutumua manyoya. Mate yalikuwa yanamtoka. Pembeni yake kulikuwa na chembechembe za mti, nyingi, na kijiti kimoja kimeliwa nusu. 

Nikampigia daktari wa ndege wa Amman, bibi mmoja asiye na maneno mengi. Swali lake la kwanza lilikuwa: mti gani? Nikatoka mbio hadi mlangoni, nikamuuliza Ghalib. Mzeituni, alisema, bila hata kushuka ngazi. Daktari akasema basi huenda ni tumbo tu au baridi, nimpashe joto na nisimsumbue na safari, nimwangalie kwa saa moja.

Nikamwangalia. Nilimfunika kwa shela yangu, nikakaa naye jikoni karibu na oveni, maamuli yakaungua sinia nzima. Simsim akatapika. Nikarudi kwa Ghalib mara ya pili. Safari hii alikasirika, akaniuliza kama namwona mwongo, yeye mwenye nyumba, na mimi niliyekuja juzi.

Mara ya tatu nilipotoka, ndege alikuwa anayumba kichwa. Na hapo ndipo nilipolitazama lile tao. Katikati ya makuti na matawi ya mvinje kulikuwa na maua ya rangi ya waridi, mengi, mabichi. Yalikuwa maua ya difla, kichaka chenye sumu kinachoota bondeni chini ya barabara, kichungu kiasi kwamba hata mbuzi mwenye njaa hukipita. Kila mtoto wa Salti anachapwa mara moja maishani kwa kukitia mdomoni. Matawi yake yamenyooka, na unene wake ni wa kidole gumba.

Nilirudi tunduni nikachukua kijiti kimoja kizima, nikamletea.

"Ghalib, shuka."

"Shemeji, nina kazi. Mama anakaribia mpakani."

"Shuka nimekwambia."

Akashuka. Nikamwonyesha maua, nikamwonyesha kijiti. Akasema maua ni ya mlango na vijiti ni vya shambani, hivi ni vitu viwili, na kwamba wanawake tukichoka tunaona majini.

"Vizuri," nikasema. "Ni mzeituni, siyo? Kitafune."

Akacheka. "Mimi kasuku?"

"Kitafune kidogo tu. Mzeituni hauui mtu. Mimi mwenyewe nitakuomba radhi mbele ya mama."

Akakichukua. Nadhani alitaka kunikomoa, kwa sababu alikipeleka mpaka kwenye meno na kunikazia macho. Nikasikia jino limegusa mti. Kisha akakishusha, akatema mate, akatema tena, akajifuta ulimi kwa mkono wa shati.

"Kilima kile jua kali, shemeji," alisema. "Nilikuwa bondeni tayari."

Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nilibeba tundu. Tulishuka Amman kwa pikapu yake, dakika arobaini, yeye kwenye usukani, mimi na Simsim mapajani. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Ghalib aliendesha kama mwendawazimu.

Daktari alipoambiwa ni difla alininyang'anya tundu mikononi. Akataja mkaa wa dawa na sindano, akauliza alikula lini. Nikamwambia. Alitazama saa ya ukutani, akaingia ndani na kufunga mlango.

Hapo ndipo simu ilipoita. Mama alikuwa kwenye basi, wamevuka mpaka, nyuma yake mahujaji wenzake wanaimba. Sauti yake ilikuwa na furaha ya kitoto. Akasema hataki kuzungumza na mtu, anataka kumsikia Simsim tu, tumsogezee simu.

 Ghalib akaichukua simu kutoka mkononi mwangu, akafumba macho, akapiga mluzi. Ulikuwa mluzi wa Simsim hasa, ule wa kupanda na kukatika, ambao Ghalib amekua akiusikia tangu utotoni. Pamoja na uchungu niliokuwa nao, bado nilishangaa jinsi alivyoupatia. Nami sikumzuia.

Sauti ya mama ilinifikia hata mimi.

"Ghalib," mama akasema. "Simsim hajawahi kunijibu kabla sijamwita jina. Yuko wapi?"

Akamwambia. Alimwambia yote, bondeni, maua, kuchuna gome ili usijulikane mti, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Alipomaliza, mlango wa daktari ulifunguka. Yule bibi alikuwa anavua glavu. Akatikisa kichwa.

"Yuko hai?" mama akauliza.

Ghalib alinitazama mimi, kama vile ningeweza kumjibia. Kisha akasema, "Hapana, mama."

Tulisikia injini ya basi, na nyimbo. Nilingoja alie, au amlaani. Akasema nipewe simu mimi.

"Hiyam, binti yangu. Ulimuuliza ni mti gani?"

Ghalib alikuwa amechuchumaa chini, kichwa katikati ya magoti. Ningeweza kumsitiri. Ningeweza kusema nilichelewa, nilikuwa na wageni, na nusu yake ingekuwa kweli.

"Nilimuuliza mara tatu," nikasema.

"Akasema nini?"

"Mzeituni, mama."

Mama hakukata simu. Nilisimama nayo sikioni, nikisikiliza basi linavyozidi kuja.