Baba Hakulia

Njaa ilipoikumba Ugogo mwaka ule, Paskazia alikuwa na miaka kumi na mitano. Baba yake akamwoza kwa magunia mawili ya mtama. Tangu siku hiyo hakumsemesha tena baba yake. Hata mzee alipofariki, hakwenda kuzika.

Miaka hamsini baadaye, watu wa filamu walifika kijijini kwake, upande wa Mtera, kuigiza riwaya ya zamani iliyosimulia njaa kama ile. Walimwomba awafundishe waigizaji kusaga kwa jiwe. Akakubali upesi. Siku ya kuigiza binti anavyoozwa, mwongozaji, Munira, binti wa Kondoa mwenye adabu zake, alimjia na kitabu mkononi.

"Bibi, hapa mwandishi kanyamaza. Binti anaondoka. Baba anafanya nini?"

Bi Paskazia alijua. Baba yake aliwafuata yeye na waliokuja kumchukua, kwa miguu mpaka korongoni, akilia, akiliita jina lake. Yeye ndiye aliyekataa kugeuka. Lakini kinyongo kilimtangulia ulimini.

"Hafanyi kitu," alisema. "Anapima mtama wake."

Ikaigizwa hivyo hivyo.

Filamu ilipoonyeshwa Chimwaga, kwenye ukumbi wa chuo kikuu, alikwenda na mdogo wake, Daudi. Ukumbi ulijaa wanafunzi. Mwigizaji alipoliinamia gunia bila kumtazama mwanawe, wakamlaani kwa sauti. "Mnyama huyu!" Matusi hayo Bi Paskazia alikuwa ameyangoja maisha yake yote, na yalipokuja yalimchoma yeye.

"Dada, nani kawadanganya?" Daudi alinong'ona. "Baba alilia hadi sauti ikakauka. Na mtama ule tulikula sisi watoto. Yeye alikuwa akichimba mizizi porini."

"Habari ya mizizi sikuijua."

"Ungeijulia wapi? Hukurudi."

Bi Paskazia aliinamisha kichwa. "Kulia kwake nilikusikia. Ni mimi niliyewaambia, Daudi."

Daudi aliinuka, akatoka, akamngojea nje mpaka mwisho.

Asubuhi Bi Paskazia alimpigia Munira simu, akamweleza yote, akamsihi aparekebishe pale.

"Pole, Bibi. Imeshatoka. Wiki hii inaonyeshwa Mwanza, kisha Mbeya."

Bi Paskazia alishukuru, akakata simu. Mwanza hakuwa na mtu. Wala Mbeya. Hapakuwa na wa kusimama kule akawaambia watu kwamba mzee yule alilia.