Ruta ya Tatu

Jumanne saa nne asubuhi Melania alikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko la mama yake, kijijini Murusagamba, kompyuta ikiwa juu ya gunia la maharage, kwa sababu hapo ndipo mtandao ulipokuwa unakamata. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea mitandao ya kompyuta. Mradi wake wa kuhitimu ulimtaka aeleze kwa nini ujumbe unaotoka kijijini kwao haufiki sawasawa. Ujumbe hukatwa vipande viitwavyo pakiti, na kila pakiti hupita mashine kadhaa, ruta, moja ikiisukuma kwa nyingine. Katika pakiti kumi alizotuma, nne zilipotea. Kampuni ya simu ilimjibu kwamba ni mvua. Mvua haikuwa imenyesha tangu Mei, na Melania si mtu wa kumeza jibu la namna hiyo.

Akaandika amri ya kufuatilia njia. Ruta zote zikajiorodhesha kwa namba, isipokuwa ya tatu, iliyoandikwa: Auleria, Nyantakara.

"Huyo ni marehemu," alisema mama yake, Rozalia, akiendelea kumenya ndizi. "Alikuwa opereta wa simu Biharamulo, enzi za kuunganisha waya kwa mkono. Mnara wa simu wameusimika juu ya kaburi lake, huko Nyantakara. Ukienda, usinywe kitu chake kabla hajaonja mwenyewe, usije ukanyweshwa sumu."

Kesho yake Melania akapanda bodaboda, kisha gari la abiria aina ya Noah, kisha bodaboda nyingine. Chini ya mnara wa Nyantakara, ndani ya uzio, bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha ofisi, kitenge kiunoni, vipokea sauti masikioni. Pakiti zilimjia mfululizo, nyeupe, kubwa kama punje za mahindi. Nyingine alizipitisha. Nyingine alizitupa chini na kuku wakazidonoa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Bibi Auleria akamimina togwa, akaonja, akampa kikombe. Melania alimtazama koo kwanza, ahakikishe kweli amemeza, ndipo akanywa.

"Bibi, mbona unatupa pakiti za watu?"

"Zinapita mbele yangu kimya. Nimeunganisha simu miaka ishirini na sita, hakuna aliyepitia kwangu bila kunisalimu. Hata mabwana wakubwa."

Melania alikumbuka somo la Dokta Wiston, msimamizi wa mradi wake. Mashine mbili hazianzi kuzungumza mpaka ya kwanza iite, ya pili iitikie, ya kwanza ithibitishe kwamba imesikia. Hatua tatu, kama walivyofanya yeye na bibi sasa hivi. Ila utaratibu huo, uitwao itifaki, huwasalimu walio mwisho wa njia tu. Walio katikati hupitwa kama nguzo.

Aliporudi nyumbani akaandika programu ya kuweka shikamoo mbele ya kila pakiti na kuifanya isubiri marahaba. Pakiti kumi kati ya kumi zikafika. Hakuamini, akazijaribu tena wiki tatu nzima, asubuhi na mchana, na zote zikafika. Akaandika kurasa sitini na mbili za mradi, akamtumia Dokta Wiston.

"Nitumie na programu yenyewe, niikague," aliandika Dokta Wiston. Melania akamtumia, kwa kuwa alikuwa mwalimu wake na alimwandikia kwa upole.

Dokta akanyamaza siku kumi na tisa. Kisha akaandika: "Kazi yako ina kasoro. Usimwonyeshe mtu kwanza." Hakusema kasoro gani. Hapo Melania akaanza kuingiwa na wasiwasi, na aliyemshuku ni bibi wa watu. Huenda nusu ya kurasa zake zililiwa na kuku. Akarudi Nyantakara.

Walisalimiana. Bibi akamimina togwa.

"Bibi, kazi yangu ilifika chuoni?"

"Ilifika yote, na jina lako. Wiki iliyofuata ikapita tena hapa, ikielekea kwenye mkutano wa wasomi Kigali."

"Na jina langu?"

"La Wiston. Lako lilikuwa limekwanguliwa, nikaona mikwaruzo yake."

Melania alikasirika. Miaka mitatu ya chuo, shamba la mihogo ambalo mama aliuza ili asome, vyote vilikuwa ndani ya zile kurasa.

"Uliona, na ukaipitisha?"

"Ilinisalimu, mjukuu wangu," alisema Bibi Auleria. "Ikasema shikamoo, ikangoja niitikie. Iliyosalimu nitaizuia kwa lipi?"

Pakiti nyingine ikaingia. Bibi akaiitikia, akaisoma jina, akampa Melania mkononi. Ilitoka chuoni. Mradi wake umepata alama arobaini na moja, umefeli: hauna jipya, na unafanana mno na kazi ya Dokta Wiston. Arudie mwaka.

"Hii nayo ilisalimu?"

"Kwa adabu kabisa. Tangu Wiston aisambaze ile programu, zote zinasalimu."

Melania akaikunja, akaiweka mfukoni. Nje ya uzio kuku walizunguka wakitafuta chochote, lakini siku hizi hapakuwa na kinachotupwa. Bibi akainua kikombe aonje kwanza, kama desturi. Melania akakichukua kabla hakijamfika mdomoni, akanywa chote.