Vitabu Vilivyomjua Rahabu

Haya alinisimulia Klara mwaka juzi, siku tulipochambua maharage ya mbegu, na Klara si mtu wa kuongeza chumvi.

Jumamosi moja ya mwaka wa sabini na tatu, yeye, Jenoveva na Rahabu waliteremka Lushoto asubuhi na mapema, miguu imelowa umande, kwenda kununua vitabu. Walikuwa wamemaliza kisomo cha watu wazima majuma mawili tu nyuma, na bado walikuwa na njaa ya herufi. Njiani walisoma kila kilichoandikwa, hata gunia la mbolea. Mzungu wa shamba la kahawa alikuwa amerudi kwao, na vitabu vyake vilikuwa vinauzwa mezani, uwanja wa jirani na soko.

Rahabu alikuwa na lake. Marehemu baba yake, Sefania, alifanya kazi za ndani kwa mzungu yule miaka ishirini, akipangusa vitabu kila asubuhi. Siku moja kitabu chenye ndege mwekundu kwenye jalada kikakosekana, na Sefania akafungwa miezi sita. Toka hapo watoto wake wakaitwa watoto wa mwizi. Sasa kijiji kilikuwa kimefungua duka la ujamaa, na Rahabu, aliyeongoza darasa zima la kisomo, akanyimwa ufunguo. Mtoto wa mwizi hashiki ufunguo, alisema mwenyekiti Tobia, ambaye kwenye karatasi alikuwa akitia dole gumba.

Wakachagua vitabu kama wachaguavyo mbegu: kunusa, kutikisa, kutafuta matundu ya wadudu.

"Hiki kimeliwa," Jenoveva akasema. "Punguza bei."

"Kimeliwa pembeni tu, mama," akajibu Valentino, muuzaji. "Maneno yote yamo."

"Yamo, lakini ya Kizungu!"

"Kwani herufi si zilezile?" Klara akadakia. Akaanza kusoma Kizungu kwa silabi za kisomo, kwa sauti ya juu, mpaka wauza viazi wakaviacha viazi vyao wakaja kusikiliza. Hakuna aliyeambulia neno. Ilikuwa raha tupu.

Rahabu alipoinama mezani, vitabu vikamsogelea. Vilikuja vikijiburuta, kama vifaranga vimwonapo mwenye pumba, vikajipanga chini ya viganja vyake. Vilikuwa vimeizoea mikono ya Sefania, na Rahabu alirithi viganja vya baba yake.

"Mama, simama mbali kidogo," Valentino akasema, akivirudisha. "Unanivurugia meza."

"Mwache, bwana," Jenoveva akamwambia. "Wenzake tunachagua, yeye anachaguliwa."

Cha mwisho kilitoka chini kabisa ya sanduku, polepole, kama mtu aliyechelewa ibada. Kilikuwa na ndege mwekundu, na ndani jina la yule mzungu. Rahabu akakishika kwa mikono miwili. Akakinunua, pamoja na vingine vitano. Hawakuvibeba. Vilipanda mlima vyenyewe nyuma yao, vikikwepa madimbwi, nao wakaimba njia nzima.

Tobia walimkuta dukani.

"Shikamoo, mwenyekiti," Rahabu akasema. "Kitabu ndicho hiki. Kilikuwa kwa mwenyewe siku zote."

"Marahaba." Tobia akakigeuza mbele na nyuma. "Kweli ndicho. Labda mzee alikirudisha."

"Mwizi gani huyo anayerudisha?" Klara akauliza.

Tobia akafikiri, akamgeukia Rahabu. "Basi hakuiba. Lakini alifungwa, mama Fanueli, na kifungo hakifutiki. Ufunguo nitaendelea nao mimi. Ila kesho uje mapema unisomee karatasi za sukari, mimi sizielewi."

Jioni ile walipika makande kwa Rahabu, wakasomeana vitabu kwa zamu na kucheka mpaka mbavu zikauma. Jenoveva alisinzia wa kwanza, halafu Klara, kijiko kingali mkononi. Rahabu, kama alivyomweleza Klara baadaye, akafungua kitabu cha ndege. Kila ukurasa ulikuwa umepanguswa, hata katikati kabisa, mahali ambapo vumbi halifiki. Akasoma mmoja wote, herufi kwa herufi, bila kuelewa, kwa sauti ya kumsomea mtu. Kisha akajilaza akiuelekea ukuta. Vitabu vikamsogelea mgongoni kutafuta joto, naye akalala.