Gemu Niliyotumwa Kuitazama

Akina mama wa kanisa letu pale Kithimani walinichagua mimi kwa sababu moja tu, kwamba najua kukaa. Mwenyekiti wetu Njambi, mwenye duka la misumari na mabati karibu na stendi, alisema mbele ya wote kwamba Kamanthe anaweza kupika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, kutwa nzima na asifunue sufuria hata mara moja kuchungulia. Wakacheka, na mimi nikacheka. Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi ya kutazama gemu ya mjukuu wangu tangu mwanzo hadi mwisho, kisha nirudi niwaambie hadithi yake ni gani na inachezwaje.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka wa elfu mbili na tatu. Mchungaji alikuwa ametangaza kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi, vitu vyote vya giza vilivyo majumbani viletwe uwanjani vichomwe. Hirizi, kaseti, picha mbaya, na hiyo gemu ya kwa Kamanthe. Msichana mmoja alikuwa ameiona kwetu, akaenda akasema kwao ati kuna mwanamke mwenye fimbo anayefufua maiti. Njambi ndiye aliyesema kitu hakichomwi kabla hakijaangaliwa. Walidhani ni kazi ya alasiri moja. Hata mimi nilidhani hivyo.

Gemu yenyewe ilikuwa ya Ndanu, mtoto wa kike wa binti yangu Kanini. Ndanu alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa Uingereza, mwaka wa tano sasa, akiwatunza wazee wa watu. Karatasi zake zilikuwa hazijatoka, na bila karatasi, akitoka kule harudi tena kazini. Mashine na diski hiyo moja alizituma kwa mkono wa mtu wa Matuu aliyekuwa anakuja nyumbani kuzika. Kila Krismasi Kanini alisema atakuja. Mwaka huo alikuwa amelisema sana hilo neno, mpaka Ndanu akaniambia nisimnunulie viatu vipya vya shule, ati mama atakuja navyo.

Basi nikaleta kiti changu mbele ya televisheni, na ungo wa ndengu nichague huku natazama. Maneno yote ya gemu ni Kiingereza, na mimi shule niliishia darasa la nne. Mwanzo Ndanu alikuwa ameshaucheza, akanisimulia; mengine alisoma, akanigeuzia kwa Kikamba, tukaenda hivyo.

Hadithi yake ni hii. Kuna nchi ambayo mto wake umekauka, kwa sababu mlango wa chemchemi kule juu mlimani umejifunga. Msichana mwenye mkuki anatoka kijijini kwenda kuufungua. Anaandamana na tabibu mmoja mwanamke, na mzee mwenye upinde. Anayecheza ndiye anayewapa majina, lakini nafasi ni ya herufi sita tu. Msichana wa mkuki aliitwa NDANU. Tabibu aliitwa KANINI, likaingia sawasawa. Jina langu halikuingia, kwa hivyo yule mzee aliandikwa SUSU, vile wajukuu huku kwetu wanavyomwita nyanya yao. Nilimuuliza Ndanu mbona Susu amepewa ndevu.

"Hata wewe unazo," akasema. "Mbili, hapo kidevuni. Leta koleo nikung'olee."

Uchezaji wake nilifika mahali nikaupenda, sitaficha. Wanapigana kwa zamu. Huyu anapiga, anarudi nyuma, anangoja adui naye apige, vile wanawake wanavyojipanga kwenye bomba na hakuna anayemruka mwenzake. Anayeshinda anakomaa, nambari yake inapanda, na ile silaha iliyokuwa nzito mkononi inakuwa nyepesi. Tabibu hapigi mtu. Kazi yake ni kuangalia nani ameumia. Mtu akianguka, anamwekea jani kinywani na kumgusa na fimbo, mtu anasimama. Hapo ndipo penye ile habari ya maiti. Lakini niliangalia vizuri, tena mara nyingi: aliyeanguka bado alikuwa anapumua, kifua kilipanda na kushuka. Kila tabibu alipomwinua mtu, Ndanu alisema chini chini, "Asante mama." Sijui kama alijua namsikia.

Kuna jambo moja lililoniudhi. Hawa wasafiri wanaingia nyumba za watu bila kupiga hodi, wanafungua mitungi, wanachukua dawa na vito, na mwenye nyumba amesimama hapo hapo anawaambia karibuni. Nilimwambia Ndanu hiyo ni tabia mbaya. Akasema ndivyo gemu ilivyotengenezwa. Nikamwambia basi aliyeitengeneza hakulelewa na nyanya.

Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikaingia. Ndengu zikaisha, nikaanza mbaazi. Tulipita jangwa, mji wa wafua chuma, msitu wenye miti inayolia. Njambi alikuwa akinikuta sokoni na kuniuliza tumefika wapi, namwambia bado. Akaniuliza kama mimi sasa ndiye ninayecheza. Wale waliokuwa naye wakacheka, na mimi nikaendelea kuchagua nyanya zangu za mchuzi.

Halafu siku moja nikaona daraja, na juu ya daraja mbuzi mweupe mwenye pembe moja. Nikamwangalia. Mimi nimechunga mbuzi tangu utoto, mbuzi niliyemwona simsahau.

"Ndanu, huyu tumempita mara ngapi?"

Akaendelea kubonyeza. Nikaanza kukumbuka mengine. Adui walikuwa wanaanguka kwa pigo la kwanza tangu siku nyingi zilizopita. Nambari zao watatu zilikuwa tisini na tisa, na hazikuwa zikipanda tena. Hatukuwa tunaenda mahali. Tulikuwa tunazunguka.

Niliendelea na mbaazi, mpaka akasema mwenyewe. Mlango wa chemchemi alikuwa ameufikia tangu Aprili, akiwa peke yake. Mlango unazungumza. Unasema utafunguka, lakini lazima mmoja wao abaki ndani aushike ili maji yapite. Hatakufa. Atakaa tu huko. Ila hatatoka, maana akitoka unajifunga, na mto unakauka tena. Ndanu aliposoma hayo alizima mashine. Alipoiwasha tena aliwageuza wote watatu, akashuka nao mlimani, na tangu siku hiyo amekuwa akiwatembeza.

"Kwa hivyo mwisho huujui," nikasema.

"Sitaki kuujua. Wakiwa wanatembea, wako pamoja."

Nilikwenda dukani kwa Njambi nikamwambia kazi haijaisha na siwezi kumlazimisha mtoto. Sikumweleza kwa nini. Njambi hakukasirika, lakini alisema Jumamosi ni mkutano na Jumapili ni moto, na ripoti isiyo na mwisho mchungaji hataikubali. Kama tabibu anageuka shetani ukurasa wa mwisho, nani atajibu?

Alhamisi Kanini akapiga. Simu zake zilikuwa zinaingia kwa Njambi, halafu tunaitwa. Alizungumza na mimi kwanza. Alisema Desemba haitawezekana, wakili amemwambia angoje, labda mwaka ujao, labda ule mwingine. Alisema haraka haraka, kwa sauti ya mtu aliyekwisha lia na kunawa uso. Nikampa Ndanu simu. Ndanu alisikiliza, akasema ndiyo mama, ndiyo mama, nimeelewa, akanirudishia. Tulirudi nyumbani kando ya mfereji. Nilikuwa nimejipanga kumwambia maneno, nikaona mgongo wake ulivyonyooka mbele yangu, nikayaacha.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana aliwasha mashine mwenyewe. Hakugeukia darajani. Akapanda mlima moja kwa moja, akasimama mbele ya mlango.

Mlango ukauliza nani atabaki. Majina yakatokea matatu. Ndanu akachagua SUSU. Mlango ukasema huyu hawezi kuushika. Akachagua SUSU tena. Huyu hawezi kuushika. Akachagua NDANU, jibu likawa lile lile. Akarudi kwa SUSU, mara nne, mara tano.

"Uambie niko tayari," nikasema. Na sikuwa nasema habari za yule mzee wa upinde. Kanini alipoondoka niliwaza hivyo hivyo, kwamba mimi ndiye ningekwenda, kama kungekuwa na mahali wanapoajiri watu wa umri wangu.

"Nimeuambia, Susu. Haukutaki."

Kidole chake kilikaa juu ya kibonyezo. Nilikuwa nimeacha mbaazi. Nikamuuliza kama anataka nibonyeze mimi.

"Hapana. Wewe kaa tu."

Akabonyeza.

Tabibu hakutoa hotuba. Alivua mkoba wake wa majani akawawekea wenzake chini, kwa sababu sasa watajitibu wenyewe, akaingia. Mlango ukasogea mpaka ukabaki upenyo, na kwenye upenyo ukaonekana mkono wake umeushika. Kisha maji. Yakashuka mlimani, yakapita msitu, mji wa wafua chuma, jangwa, vijiji vyote tulivyopita kimoja kimoja, na watu wakatoka na mitungi. Wawili waliobaki wakafika nyumbani na kuketi kando ya mto. Mwishoni kabisa wakaonyesha yale majina matatu. Mawili yalikuwa na sura kando yake. La tatu lilikuwa jina tu.

Halafu yakaanza kupanda majina ya watengenezaji, marefu, ya kigeni. Ndanu aliyatazama yote hadi la mwisho. Najua alichokuwa anangoja, kwa sababu na mimi nilikuwa nangoja. Skrini ikawa nyeusi.

"Susu," akasema, "yule huko ndani anajua kama maji yalifika?"

Nilitaka sana kuwa na jibu.

"Sijui," nikamwambia.

Jumamosi tulikutana stoo ya Njambi, akina mama kumi na mmoja juu ya mabunda ya mabati na mifuko ya saruji. Ndanu alinisindikiza, akakaa nje kizingitini. Nikasimama nikatoa ripoti. Nikawaambia hadithi ni ndefu kuliko inavyopaswa, na katikati kuna mji mmoja ambao ungetolewa na hakuna ambaye angeukosa. Vita ni vya haki, kila mtu na zamu yake. Wizi wa mitungi upo, na wazazi waukemee. Wafu hawafufuliwi. Shetani sikumwona, na nilikaa siku kumi na tisa nikimngoja. Wakacheka kidogo. Kisha nikawaeleza mwisho, vile nilivyouona, na mkono ule mlangoni.

Hakuna aliyecheka hapo. Njambi ndiye aliyeuliza.

"Na huyo tabibu, anarudi?"

"Hawakuonyesha."

"Hata kidogo?"

"Ndanu naye ana swali lake," nikasema. "Anauliza kama anajua maji yalifika. Limenishinda. Kama kuna anayelijua, amjibu mtoto."

Njambi ana kijana wake, Dedan, aliyekwenda Amerika kusoma miaka saba iliyopita. Habari zake hatuziulizi sana. Aliinama akakuna rangi iliyokauka kwenye kidole, akakuna mpaka ikatoka. Kisha akasema gemu imeangaliwa na haichomwi, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia mchungaji hivyo. Hakuna aliyepinga. Nilidhani mkutano umeisha, lakini alitoa simu yake mfukoni mwa aproni na kumwita Ndanu ndani.

"Nambari ya mama yako iko humu," akamwambia. "Sisi siku zote tunangoja wapige wao. Leo piga wewe."

Hatukuwa tumewahi kumpigia Kanini. Ndanu aliishika simu kwa mikono miwili. Ikaita muda mrefu, nikasogea karibu mpaka nikamsikia binti yangu akiitikia, kisha sauti yake ikapanda, kwa maana simu inayotoka nyumbani huwa ni ya msiba.

"Ni nani? Mama ana nini? Niambieni, mama ana nini?"

"Susu yuko hapa, ameketi," Ndanu akasema. "Hakuna mgonjwa. Nimepiga kukuambia maji yalifika."

"Maji? Maji gani, mwanangu?"

Ndanu akageuza ndoo tupu ya rangi, akaikalia. Akaanza kumsimulia tangu pale mto ulipokauka, na hakuruka hata kijiji kimoja. Njambi alifunga mlango wa mbele wa duka, wateja wakangoja nje. Na huko ng'ambo Kanini akawa anasikiliza, anauliza, halafu ikawa haulizi tena, anasikiliza tu.