Turbo ya Mzee, Injini ya Spana

Nimechoka na turbo. Nimechoka nayo na wala sijawahi kuiona kwa macho, maana haikununuliwa hata siku moja. Ilikuwa maneno tu, yakiingia kwa dirisha la jiko langu kila jioni wakati napika, miaka nenda miaka rudi, mpaka nikawa naota pistoni.

Gari lenyewe lipo pale nje, juu ya mawe. Ni la mume wangu. Zamani lilikuwa likitembea, ila likifika kwenye mlima wa nyuma ya nyumba linaanza kukohoa, watoto wanashuka, mimi nashuka, tunalisindikiza kwa miguu. Mzee akasema dawa yake ni turbo, kidude cha kuipulizia injini hewa. Rafiki yake, fundi mstaafu ambaye mtaa mzima tulimwita Spana, akasema turbo ni upuuzi, dawa ni kung'oa injini na kuweka nyingine kubwa. Basi, hapo walipoanzia ndipo walipobaki.

Spana akija lazima apitie jikoni. "Shemeji, mume wako amepata akili leo?"

"Katafute mwenyewe, mimi nimeshindwa."

Halafu boneti inafunguliwa. Mzee anakaa kwenye kigoda chake, Spana kwenye kiti cha gari kilichong'olewa sijui wapi, sponji inachungulia. Wanabishana mpaka mate yanawakauka, na hakuna aliyeshika hata bisibisi. Mimi sokoni naenda kwa miguu, narudi na mzigo kichwani, nawakuta palepale. "Fungeni chochote!" nilikuwa nawapigia kelele. "Fungeni hata mbuzi, mradi liende!" Wanacheka, wanaomba chai.

Msimu wa mvua Spana alilala na hakuamka. Tuliporudi kutoka kumzika, Mzee alishusha boneti taratibu, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kukaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, anaangalia ukuta. Ukimwambia chakula tayari, sawa. Ukimwambia kaoge, sawa. Ningemwambia nyumba inaungua, nadhani angesema sawa. Sahani inarudi kama ilivyokwenda. Suruali zikaanza kumvuka. Jamani, niliogopa. Maisha yangu yote nimeishi na mtu msumbufu, sasa nimeachiwa mtu wa kusema sawa. Nilikuwa namwona anakwenda, mbele ya macho yangu, na sina la kufanya.

Mwanetu mkubwa akapiga simu. "Mama, hilo gari ndilo linalomkumbusha. Liondoeni." Akatafuta mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikamuuliza Mzee kama aje alichukue. Unajua alichojibu.

Mnunuzi alikuja asubuhi na lori lake, jamaa mpole, hana neno. Nilikuwa nimeinjika maharage. Akalala chini ya gari, akaanza kufunga mnyororo. Mzee akatoka akasimama mlangoni na nguo zake za kulalia. Nikafurahi kidogo, angalau ameliona jua.

"Spana alikuwa sahihi," akasema. Sauti yenyewe kama ya mtu anayeaga. "Ilikuwa ni injini tu. Turbo ulikuwa upuuzi wangu."

Miaka yote hiyo nilikuwa naomba mmoja wao akubali yaishe, wanipishe nipike kwa amani. Leo amekubali, na nikaona kabisa kwamba mtu huyu akiingia tena chumbani, hatoki.

"Upuuzi wa nini?" nikamwambia. "Turbo ndiyo yenyewe."

Akanigeukia. "Nini?"

"Moshi unaotoka unazungusha feni, feni inasukuma hewa ndani, injini inapata pumzi mbili badala ya moja. Giaboksi ile ile, bodi ile ile, huchomelei kitu. Wewe ukishang'oa injini umebaki na nini? Banda la kuku!"

Yalikuwa maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine, na lile la banda la kuku pia. Sikujua kama ninayo. Mnunuzi akatoa kichwa chini ya gari kuniangalia.

"Mke wangu," Mzee akasema polepole, "injini ile imechoka. Ukiipuliza hewa kwa nguvu, gasketi inapasuka hata mlima hujauona."

Hiyo ilikuwa ya Spana. Neno kwa neno.

"Si unaifungua kwanza, unabadilisha zilizochoka?"

"Ebo! Ili uifungue si lazima uishushe?" Akashuka ngazi. "Na ukishaishusha, unairudisha ya nini?"

Hapo nikakwama. Nilitafuta kichwani, sikuona kitu. Nadhani siku walipofika hapo nilikuwa sokoni. "Unairudisha kwa sababu ndiyo iliyotuleta mpaka hapa," nikasema. Machozi yalikuwa karibu, na hasira pia.

"Hiyo si sababu ya kifundi."

"Basi nionyeshe ya kifundi!"

Akaliendea gari peku peku, akahangaika na boneti, ilikuwa imeshika kutu. "Ndugu yangu," akamwambia mnunuzi, "toa kwanza huo mnyororo, kuna mtu hapa haelewi." Yule jamaa akanitazama. Nikamtikisia kichwa aende. Akafungua mnyororo wake, akaondoka bila hata kunung'unika, Mungu ambariki.

Boneti ikafunguka na mlio wake ule ule. Mzee akavuta kigoda. "Lete kiti," akasema.

"Kipi?"

"Cha Spana. Au utabishana umesimama?"

Kilikuwa ukutani pale pale, hakuna aliyekigusa. Nikakikung'uta vumbi. Magoti yananiuma, nguo zimelowekwa tangu alfajiri, na nilijua vizuri ninachojitakia: kesho, keshokutwa, mpaka nizikwe. Nikakaa. Sponji ikanichoma mgongoni, kumbe ilikuwa na waya.

"Wewe umekariri tu, huelewi," Mzee akaanza, kidole hewani. "Sikiliza. Tuanze mwanzo kabisa."

"Haya," nikasema. "Anza."

Jikoni maharage yakaanza kuungua. Harufu niliisikia, na sikuinuka.