Asmah wa Kibandani

Mimi sijawahi kucheza filamu. Nauza vitenge, na wakati huo nilikuwa nauzia katika soko la Mpondwe, upande wetu wa daraja la mpakani. Hadi nafika miaka ishirini na tatu sikuwa nimekanyaga kibanda cha video, kwa sababu mwanamke mwenye kwao haingii humo. Lakini mwaka ule wa 2014 mji wetu wote wa Bwera ulijiona unanijua kutoka kwenye filamu, na nikaha yangu ilikuwa imekaribia.

Ilianza na mchuuzi mmoja kutoka Kasindi, ng'ambo, upande wa Kongo. Nilikuwa nampimia kitenge, jirani yangu akaniita kwa jina. Yule bwana akakiachilia kitenge, akanitazama kuanzia ushungi hadi ndala.

"Asmah? Njo wewe Asmah ya filme?" Akapiga makofi. "Asmah, kuya! Asmah, kuya na viatu mukononi!"

Kwao njo ni ndiye, na kuya ni njoo. Wapagazi wakaangua kicheko. Nikaelewa kwamba wao walishajua zamani, ila mimi tu.

Semakula ndiye aliyenifanyia hivyo. Alikuwa na kibanda nyuma ya maegesho ya malori, na kazi yake ilikuwa kuzitafsiri filamu za Wazungu. Anapunguza sauti, anashika maikrofoni, anaieleza filamu nzima kwa Kiswahili chetu cha mpakani, anaongeza chumvi, na waigizaji anawapa majina ya watu wa hapa. Ukimnunulia soda anakutaja katikati ya hadithi. Kisha anarekodi, na diski zinasafiri na malori. Filamu hii ilikuwa ya miaka ya themanini: vijana watatu wenye nywele za kutisha na suruali za kubana, walioapa kwamba mwaka hautaisha kabla hawajapata mwanamke. Ni matusi na vichekesho mwanzo hadi mwisho. Yule msichana wanayemkimbiza, Semakula alimwita Asmah. Laiti angeishia hapo! Akasema Asmah wa vitenge, wa Mpondwe.

Mchumba wangu Muhammed aliendesha lori la Fuso, akibeba kahawa ya Nyakiyumbu kwenda Kasese. Mama yake aliishi Kasese, na diski ilifika huko kabla sijajua kuna diski. Akatuma neno kwa shangazi yangu Mayimuna, aliyenilea: mwanawe haoi mwanamke wa kibandani. Jina likitoka kwenye filamu, tutazungumza.

Niseme wazi, nilimtaka Muhammed. Sikumtaka kwa sababu umri ulikuwa unanipita, kama shangazi alivyodhani. Nilimtaka kwa sababu alikuwa anasikiliza. Safari moja alinichukua kwenye lori hadi Kasese, tukivuka mbuga, na kuna jambo nilimwambia ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Hakucheka. Alipunguza mwendo, akaniambia pole. Siku ile niliamua huyu ndiye.

Kwa hiyo niliazimia kumkabili Semakula. Shangazi alinikataza. "Ukiingia mule utakuwa umethibitisha," alisema. "Kaa kimya, watasahau."

Rafiki yangu Amoding hakuona hivyo. Mume wake ni askari, wametoka Teso, wanaishi kambini, naye aliuza nyanya kando yangu sokoni. Amoding haogopi mtu, na hapo mwanzo nilidhani ni sare ya mumewe inayompa jeuri, mpaka nilipomwona akimfokea mumewe mwenyewe.

"Wewe iko ogopa nini?" akaniuliza. "Yeye nasema jina yako mbele ya watu. Enda sema yake mbele ya watu. Haraka, songa!"

Tulikwenda Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri. Madirisha ya kibanda yalizibwa kwa magunia, mle ndani kukawa na giza na joto na harufu ya jasho. Tulisimama nyuma, karibu na mlango. Nilikusudia kungoja filamu iishe, kisha nimvae Semakula. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri.

Nikamwona huyo Asmah mwenzangu wa kwenye filamu. Alikuwa msichana wa Kizungu mwenye fulana nyekundu, na kwa kumtazama tu nilijua anayemwigiza amenizidi miaka kumi. Nilitegemea kumchukia. Lakini hakuwa amefanya chochote. Vijana walimdanganya aje kwenye karamu, wakamwekea dau nyuma ya mgongo wake, yeye akaja amevaa vizuri, akafurahi kualikwa. Alipogundua alikimbia, viatu mkononi. Kibanda kizima kikaimba pamoja na Semakula: "Asmah, kuya!" Amoding alisonya kwa nguvu.

Kisha ikaja sehemu ambayo yule msichana yuko chumbani kwake, amejilaza kitandani, analia na kujifuta kwa kitambaa. Wazungu wenyewe hapo hawakuweka kichekesho. Muziki ulikuwa wa huzuni. Semakula akaona watu wamenyamaza, akasogeza maikrofoni mdomoni.

"Munamuona Asmah? Huyu mutoto mukubwa, kila siku analala na ushungi ya mama yake. Mama alikufa zamani, yeye iko nanusa tu ushungi! Bila ushungi hapana usingizi!"

Walicheka mpaka mabenchi yakalia.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka saba, na ushungi wake wa kijani ndio nilioulalia tangu hapo. Asubuhi niliukunja kabla shangazi hajaamka, kwa hiyo hata yeye hakujua. Hapa duniani alijua mtu mmoja, niliyemwambia ndani ya lori.

Na huyo mtu alikuwa benchi la mbele. Aliniambia ameenda Bwesumbu kupakia. Mwanga wa skrini ulimpiga usoni, naye alikuwa ameshika magoti, anacheka, na midomo yake ilikuwa inasema maneno ya Semakula kabla Semakula hajayasema. Alishaijua kwa moyo.

Maneno yote niliyoyapanga yakapotea. Nilitoka nje. Amoding ndiye aliyekwenda mbele, akamshika Muhammed ukosi mbele ya madereva wenzake, akamburuta hadi kwenye jua.

Muhammed aliponiona alitaka kutabasamu, akaacha.

"Ni mimi nilimununulia soda," alisema. "Nilisema atume salamu kwa muchumba wangu. Madereva wote banatumia wachumba yao salamu. Nilitaka usikie jina yako ku filme, ufurahi. Sikujua jina yako atampa huyo musichana."

"Na ushungi wa mama?"

Akatazama tairi la lori lake. "Aliuliza wewe uko mutu wa namna gani. Tulikuwa tunaongea tu."

"Ukaja kucheka."

"Asmah, watu wote walikuwa wanacheka." Akanisogelea. "Sikiliza. Mama nitaongea naye. Nitamwambia ni mimi nilianzisha, ni mchezo tu, ataelewa. Nikaha iko palepale." Nikarudi hatua moja nyuma. Akaona nimekasirika. "Na usikasirike bure. Hii jina imeshatembea mpaka Butembo. Sasa nani mwingine atakuoa?"

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama dereva anayemwarifu mwenzake kwamba barabara ya mbele imefungwa, na hilo ndilo lililonichoma kuliko kicheko.

Kweli aliongea na mama yake. Siku chache baadaye lilikuja neno kutoka Kasese: wameridhika, tuendelee. Shangazi alipiga kigelegele ukumbini, akakimbilia majirani. Nilikuwa nimepewa kile kile nilichokuwa nakipigania. Niliketi kwenye mkeka nikiitafuta furaha, nikakuta hasira tupu. Nikamwambia shangazi simtaki tena. Akaniuliza kwa nini, na sikuweza kumjibu, kwa sababu kumjibu kungenilazimu kumwambia habari ya ushungi, naye angekuwa wa mwisho Bwera nzima kuijua. Hajanisemesha tangu mwaka ule. Sikumlaumu kwa hasira zake. Aliona nimeufunga mlango pekee uliobaki wazi.

Sasa nauza vitenge Kasese. Sijaolewa. Filamu ilinitangulia huku pia, na bado wapo vijana wanaopita kwenye meza yangu na kuniita, "Asmah, kuya!" Nageuka, naitikia, nawauliza wanachukua kitenge gani. Jina ni langu, nilipewa na mama yangu, siwezi kuliacha kwa sababu ya Semakula. Wengi wanaona haya, wanaondoka. Wengine wananunua.

Ushungi ndio ulionishinda. Nilihama nao kutoka Bwera, na miezi ya kwanza niliendelea kuulalia kama zamani. Lakini kila nilipoweka shavu niliwasikia wakicheka, na nilimsikia Muhammed katikati yao. Nilijaribu kuugeuza upande wa pili. Nilijaribu kuufua, nikaimaliza hata ile harufu ndogo iliyokuwa imebaki. Nimeukunja, nimeutia chini ya sanduku, chini ya vitenge visivyouzika. Silali vizuri.